Mliosoma The Hunger Games na kuangalia filamu yake: mbona kama ni hadithi mbili tofauti?

#1 Mla Kurasa

Wakuu habari zenu.

Filamu ya The Hunger Games niliiona zamani, enzi zile muvi tunahamishiana kwa flashi. Kitabu chake cha Suzanne Collins ndiyo kwanza nimekimaliza, na kimeniacha na swali. Matukio ni yaleyale: Katniss anajitolea badala ya mdogo wake Prim, anapelekwa Capitol pamoja na Peeta, watoto 24 wanaingizwa uwanjani wauane hadi abaki mmoja. Ila Katniss niliyemsoma siye niliyemwona. Wa kitabuni ana hesabu kali. Anambusu Peeta pale pangoni huku akijua kamera zipo na kwamba busu likinoga mfadhili atashusha chakula. Hata yeye hajui lipi ni la kweli na lipi la kuigiza. Wa kwenye filamu nilimwona binti anayependa polepole, basi. Halafu Peeta kitabuni anakatwa mguu! Kwenye filamu anarudi kwao mzima.

Dai langu: filamu haikufupisha kitabu, imebadilisha hadithi. Mnasemaje? Na ni hiki tu, au riwaya zote za vijana zikishaingia Hollywood zinatoka hivi?

Mchele utamwagika humu. Ambaye hajasoma apite mbali.

#2 Pweza Mkavu

Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

#3 Kiti cha Mbele

Napinga. Mleta uzi kitabu umekimaliza juzi, bado kina moto kichwani. Filamu ina vitu ambavyo kitabu kile hakiwezi kukupa. Kitabuni unaona kwa macho ya Katniss tu. Akiwa juu ya mti na wewe uko juu ya mti. Filamu inakushusha. Unamwona Rais Snow bustanini akimpa somo Seneca Crane, msimamizi wa mchezo. Unaona chumba cha mitambo, watu wamevaa nadhifu wanabonyeza tu na msitu unawaka moto. Unaona Wilaya ya 11 wanavyoinuka baada ya binti yao Rue kufa uwanjani. Kitabu cha kwanza hayo hakina. Na ile ya Crane kufungiwa chumbani na bakuli la matunda yenye sumu, bila mtu kusema neno? Hapo mwongozaji Gary Ross kamzidi mwandishi, tuseme ukweli.

#4 Mhariri Picha

Kazi yangu ni kuhariri picha (harusi, matangazo, na filamu fupi chache nikibahatika), kwa hiyo niwape inavyoonekana kutoka chumba cha kuhariri.

Kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, tena wakati uliopo. Naona, nasikia, nawaza. Kamera haiwezi kuwaza. Ukikutana na wazo lazima utafute kitu cha kushikika kiliseme. Mfano mzuri ni Haymitch, mshindi wa zamani anayewanoa Katniss na Peeta. Kitabuni uwanjani hamtumii Katniss barua hata moja. Katniss anakaribia kufa kwa kiu, anaomba maji kwa sauti, hayashuki. Anakaa anapiga bongo: huyu mlevi ananinyima kwa sababu gani? Anafika kwenye jibu kwamba maji yako karibu, akaze mwendo. Na kweli anayapata. Baadaye pangoni anambusu Peeta, sufuria ya supu inashuka, anaelewa bila kuambiwa: endeleeni, watu wanapenda.

Kwenye filamu supu inashuka na kikaratasi, Haymitch ameandika kwa mkono akibeza lile busu. Ukumbi unaelewa kwa sekunde mbili na unacheka. Kikazi ni suluhisho zuri sana, ningefanya hivyohivyo. Lakini gharama yake ni kubwa. Kitabuni Haymitch na Katniss wanasomana akili kwa sababu wamefanana, wote wagumu, wote hawampendezi mtu, na undugu huo wa ajabu unabeba vitabu vyote vitatu. Kikaratasi kinamgeuza Haymitch mtu wa kutoa maelekezo tu.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba hadithi imebadilika. Sikubaliani kwamba kuna mtu alikaa akaamua kuibadilisha.

#5 Nusu Shilingi

Mnazunguka mbuyu. Jibu ni hela.

Kitabu kinahusu watoto wanaouana, na wanunuzi wa tiketi ni watoto. Marekani ukipewa daraja la R, aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Umeshapoteza wateja wako. Kwa hiyo ikapikwa itoke PG-13, daraja la chini yake. Ndiyo maana mwanzo wa mchezo, pale kwenye lile pembe kubwa, kamera inatetemeka mpaka hujui nani kamchoma nani. Uingereza hata hiyo haikutosha, zikapunguzwa sekunde 7, michirizi ya damu, ili ipate 12A, daraja lao linaloruhusu watoto. Mguu wa Peeta ungepita wapi hapo? Filamu ilitumia takribani dola milioni 80 ikarudisha zaidi ya milioni 600. Hiyo ndiyo bei ya mguu.

#6 Mwalimu Chaki

Nusu Shilingi nakupa nusu ya maksi. Mguu ungepita bila tone la damu: mtoto anaamka hospitali, shuka upande mmoja limelala bapa, inatosha. Hakuna daraja la umri linalozuia hilo.

Na wewe #3 unayesema mwongozaji kamzidi mwandishi: mswada wa filamu ya kwanza umeandikwa na watu watatu, Gary Ross, Billy Ray na Suzanne Collins mwenyewe. Tena Collins kabla ya riwaya alikuwa anaandika vipindi vya televisheni vya watoto, kamera si mgeni kwake. Msimwonee huruma kana kwamba alidhulumiwa. Alikuwepo mezani.

#7 Kiti cha Mbele

Sawa mwalimu. Basi Collins wa filamu kamzidi Collins wa kitabu. Msimamo uko palepale.

#8 Pweza Mkavu

Hahahaa huyu jamaa hashindiki.

#9 Mama Wawili

Suala la mguu mimi linanigusa. Mdogo wangu wa kiume anatumia mguu wa bandia tangu ajali ya bodaboda. Hakuwa msomaji kabisa. Siku niliyomwambia kuna kijana kwenye kitabu anapata mguu wa bandia halafu kitabu kinachofuata anaingizwa tena uwanjani na mguu uleule, alikichukua na hakukiweka chini. Na Collins hajasahau mguu huo: Peeta anatembea kwa kishindo, hawezi kunyata. Ni maisha halisi yale. Tulipokaa kuangalia filamu, mdogo wangu alisubiri, akasubiri, mwisho akauliza, "Hawajamkata?" Akainuka kwenda kuchaji simu.

Kwa maoni yangu siyo damu wala siyo PG-13. Wakimkata filamu ya kwanza, zinazofuata zote inabidi wautengeneze mguu huo kwa kompyuta kila anapovaa kaptula au anapoingia majini. Waliona usumbufu.

#10 Nusu Shilingi

Usumbufu = hela. Asante kwa kunithibitishia.

#11 Jirani wa Umoja

Wasee, mnalia kuhusu The Hunger Games kana kwamba hiyo ndiyo iliharibiwa. Ingieni kwa Percy Jackson muone maajabu.

Kitabu cha kwanza cha Rick Riordan kilitoka 2005, Percy ana miaka 12. Filamu ya 2010 ikamfanya kijana wa high school, miaka 16. Mtasema ni umri tu. Sasa sikizeni: vitabuni kuna utabiri kwamba mtoto wa mmoja wa wale miungu wakubwa watatu akifika miaka 16 ataamua hatima ya Olympus. Vitabu vitano vyote vinahesabu kuelekea siku hiyo moja. Ukianza hadithi Percy ana 16, umekula mbegu! Filamu ya pili, 2013, ikabidi wausogeze utabiri mpaka miaka 20. Na Kronos, adui mwenyewe, filamu ya kwanza hayumo. Ares karibu hayumo. Clarisse wakamkumbuka kwa ya pili.

Riordan alikuwa amewaandikia watayarishaji mapema akiwaonya juu ya mswada, na miaka baadaye akaziweka barua hizo kwa tovuti yake, kila mtu asome. Zinachekesha na zinauma.

#12 Dogo wa Form Six

Ndiyo maana tamthilia ya Disney+ ya Desemba 2023 imetulia. Walker Scobell alikuwa mtoto kweli, na Riordan safari hii ni mmoja wa walioiunda. Mwandishi akiwepo mambo yanakaa sawa. Kesi imefungwa.

#13 Jirani wa Umoja

Dogo hujafunga chochote. Kitabuni wale watoto watatu wanafika kwa Medusa wakiwa na njaa na uchovu, harufu ya burger inawavuta, wanakula, na wewe msomaji unaanza kushuku zile sanamu za bustanini kabla yao. Utamu uko hapo. Kwa tamthilia wanamtambua tangu mlangoni. Hata kule kwingine kwa mitego, mtu anaeleza mtego kabla haujanasa. Na Riordan alikuwepo, kama unavyosema. Kwa hivyo mwandishi kuwepo si dawa.

Lakini watoto wa dada yangu wameipenda hiyo kuliko filamu, hilo sikatai.

#14 Binti Michenzani

Assalaam alaykum. Jamani mbona safari yote Hollywood tu? Mie nina kisa cha hapa kwetu.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi tuliisoma skuli kwa mtihani. Najua kwa wenye maduka ya vitabu haikai rafu ya "vijana", lakini Yasmin ana miaka 15 anaozwa Raza wa miaka 52, na sehemu kubwa ya wanaoisoma ni wanafunzi wenye umri karibu na wake. Kama hio si riwaya ya vijana basi sijui. Filamu ya Amil Shivji ilitoka 2021, ikaonyeshwa hata tamasha la Toronto, na kwetu tuliipokea kwa shangwe maana ni nadra kuiona riwaya ya Kiswahili ikifika huko.

Ni nzuri wallahi. Mwanga wake, vichochoro, ile Zanzibar ya miaka ya 1950 kabla Waingereza hawajaondoka. Lakini kitabu cha Adam Shafi kina kelele! Watu wanagombana, wanataniana, wanasutana, Mwajuma akifungua mdomo huwezi kukaa kimya. Yasmin anatoka kwa mumewe Mombasa, anarudi Unguja, watu wake wanamkataa, anapokewa na Mwajuma Ng'ambo, na huko ndiko anakojifunza kuishi. Filamu imeegemea kwa Yasmin na mpenzi wake Denge, mwanaharakati, na siri za siasa, na imependa kimya. Mie nilipotoka nilikuwa nimefurahi macho, masikio yangu yana njaa.

#15 Mwalimu Chaki

Binti Michenzani umenigusa penyewe, maana nimefundisha kitabu hicho kidato cha 5 na cha 6. Filamu inasaidia sana mwanafunzi wa bara ambaye hajawahi kuiona Ng'ambo wala mji mkongwe. Tatizo linakuja kwenye kusahihisha. Unauliza nafasi ya Bukheti, unapewa aya mbili juu ya Denge kwenye mashua. Unajua kabisa huyu hakufungua ukurasa.

#16 Jirani wa Umoja

Kenya ni hivyohivyo na si lazima iwe filamu. Vikundi vya maigizo vinazunguka mashuleni kuigiza vitabu vya kutahiniwa. Wakati wa Chozi la Heri kuna mwenzetu darasani alikuwa anamkumbuka Ridhaa kwa koti la yule mwigizaji. Aliliandika koti kwa mtihani. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa zima.

#17 Pweza Mkavu

Koti lilipewa maksi ngapi?

#18 Jirani wa Umoja

Liliendelea kutajwa mpaka siku tunafunga shule. Hayo ndiyo maksi yake.

#19 Kiti cha Mbele

Ngoja, nimekumbuka kitu. Mhariri Picha pale #4 anasema kamera haiwezi kuwaza. Kibanda umiza (banda la video la mtaani) kilikuwa kinawaza!

The Hunger Games mara ya kwanza niliiona ikiwa imewekewa sauti ya mtafsiri. Yule jamaa hakuwa anakubali kimya hata kidogo. Katniss kakaa juu ya mti, hasemi, jamaa anaingia: "Hapa dada anajiuliza moyoni, huyu mtoto wa mwoka mikate ananipenda kweli au anataka anilaze na mapema?" Nilipokuja kusoma kitabu nikakuta ndicho anachowaza! Na yule mtafsiri kitabu hakukisoma, nawekea dau. Aliona tu pale pana shimo akalijaza.

#20 Mhariri Picha

Kiti cha Mbele, hiyo ndiyo hoja bora kuliko zote ulizotoa humu na naona hukukusudia.

Kuna filamu zinazotumia njia hiyo, mhusika anasikika akisimulia juu ya picha. The Fault in Our Stars (kitabu cha John Green 2012, filamu 2014) inaanza na sauti ya Hazel. The Hate U Give (kitabu cha Angie Thomas 2017, filamu 2018) inaendeshwa na sauti ya Starr. Zote mbili nafsi ya kwanza na zote zimekaa karibu na kitabu, ingawa hazikukosa kukata: kwa Hazel yule mpenzi wa zamani wa Augustus aliyefariki ameondolewa, kwa Starr kijana DeVante hayupo, na mwisho umeongezewa yule mdogo wake mwenye bastola mkononi. Hazel na Starr wanapenda kusema. Katniss hasemi na mtu. Ukimpa sauti ya kusimulia ukumbini anakuwa mtu mwingine kabisa, mwepesi, anayekueleza siri zake.

Walichofanya ni kumpa kazi hiyo Caesar Flickerman, mtangazaji wa mashindano. Kumbukeni lile kundi la nyigu kwenye mti: anayekueleza sumu yao inafanya nini ni Caesar, yuko studio na tai yake na meno yake. Kitabuni ni Katniss anakumbuka mwenyewe.

#21 Pweza Mkavu

Kwa hiyo Caesar Flickerman ndiye DJ Afro (yule mtafsiri wa muvi wa Kenya) wa nchi yao ya Panem. Nimeelewa sasa.

#22 Mbongo wa Minnesota

Nimecheka peke yangu kwenye basi hapa.

Niongeze upande mwingine. Mnasema filamu ilipoteza kitu, lakini kuna pahala filamu ilionyesha kitu ambacho kiko kitabuni na wasomaji walikiruka. Rue. Kitabu kinasema wazi ngozi yake ni ya kahawia iliyokolea. Filamu ikampa nafasi Amandla Stenberg, na mwaka 2012 Twitter ikajaa watu wanaolalamika kwa nini Rue ni mweusi, wengine wakisema kifo chake hakikuwauma tena. Walisoma ukurasa uleule! Kichwani walishajichorea mtoto mwingine. Mimi nalea binti huku na sikujua nimweleze nini.

Upande wa pili wa shilingi: Katniss kitabuni ana nywele nyeusi na ngozi ya rangi ya zeituni. Filamu ikampa Jennifer Lawrence, mzungu mwenye nywele za dhahabu zilizopakwa rangi. Pale kelele zilikuwepo ila hazikufika mbali.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya kulinganisha kitabu na filamu jiulize kitabu kipi. Kila mtu ana chake kichwani.

#23 Kunguru wa Tanga

Mbongo umenisogezea nilipotaka kufika. Kwangu jambo ni rahisi: unachokutana nacho kwanza ndicho kinakuwa cha kweli. Ushahidi, Harry Potter ya nne, filamu ya 2005. Jina la Harry linatoka kwenye kikombe, Dumbledore anamrukia anamkoromea. Wasomaji hawajasamehe mpaka leo kwa sababu kitabu kinasema aliuliza kwa utulivu. Mimi niliona filamu kwanza. Dumbledore anayefoka ndiye wangu, yule mpole wa kitabuni naona kama kapewa dawa.

#24 Mla Kurasa

Kunguru, hiyo kwangu inagonga mwamba. Mimi filamu ilitangulia kwa miaka, na bado kitabu ndicho kimenishika. Ingekuwa unavyosema ningemkataa huyu Katniss wa pili.

#25 Kunguru wa Tanga

Wewe ni mla kurasa, hesabu zako haziingii kwenye utafiti wangu.

#26 Dogo wa Form Six

Harry Potter ni ya watoto lakini, mada ni riwaya za vijana.

#27 Kunguru wa Tanga

Ya kwanza ya watoto, ya saba watu wanazikana kila sura. Dogo soma mpaka mwisho. Na kama unataka kulia kuhusu kukatwa, lilia Peeves, yule pepo mtundu wa shuleni kwa Harry. Marehemu Rik Mayall aliigiza kabisa, akalipwa, halafu kwenye filamu hayumo hata sekunde moja.

#28 Nusu Shilingi

Narudi kwenye hela maana naona mnaikimbia. Nani alileta mchezo wa kukata kitabu cha mwisho vipande viwili? Deathly Hallows ya Harry Potter, 2010 na 2011. Ikalipa. Breaking Dawn ya Twilight, 2011 na 2012. Ikalipa. Mockingjay, ya tatu ya The Hunger Games, 2014 na 2015, kitabu chembamba kuliko Deathly Hallows kwa mbali. Francis Lawrence aliyeongoza sehemu zote mbili za Mockingjay alikuja kusema mwenyewe kwamba anajuta kuigawa. Halafu Divergent wakataka na wao. Allegiant, kitabu chao cha mwisho, nusu ya kwanza ikatoka 2016, ikadoda, nusu ya pili haikutengenezwa mpaka kesho. Matokeo yake aliyeona filamu tu anaamini Tris, shujaa wa hadithi, yu hai.

#29 Mama Wawili

Yaani Tris anakufa???

#30 Pweza Mkavu

Mleta uzi alisema apite mbali ambaye hajasoma. Pole mama.

#31 Mama Wawili

Alisema The Hunger Games! Divergent nilikuwa nimeinunua wiki hii, iko mezani.

#32 Nusu Shilingi

Allegiant imetoka 2013 mama, nilidhani msiba umeshaisha. Na kwa faida ya wengine: yule Tris (Shailene Woodley) na kaka yake Caleb (Ansel Elgort) ndio haohao Hazel na Augustus wanaopendana kwenye The Fault in Our Stars mwaka uleule wa 2014. Waliotoka ukumbi mmoja kuingia mwingine walipata shida.

#33 Mwalimu Chaki

Ninalo swali kwa Mhariri Picha. Kama tatizo ni nafsi ya kwanza, kwa nini Catching Fire ya 2013 wengi tunaiona bora kuliko zote? Kitabu chake nacho ni nafsi ya kwanza, wakati uliopo, Katniss yuleyule.

Mimi nina jibu langu. Katika kitabu cha pili Katniss mwenyewe hajui kinachoendelea. Washirika wake uwanjani wamekula njama ya kumwokoa, na Haymitch yumo, Plutarch msimamizi wa mashindano yumo; yeye anashangaa tu kwa nini watu wanajitoa mhanga kwa ajili ya Peeta. Kilicho muhimu kiko nje ya kichwa chake, na nje ndiko kamera inakokaa. Mockingjay ni kinyume: Katniss amevunjika, anajificha kwenye makabati ya Wilaya ya 13 asionekane. Vita viko nje, ila hadithi iko ndani kabisa. Ndiyo ikawa ngumu, hata ingekuwa filamu moja.

#34 Kiti cha Mbele

Na Philip Seymour Hoffman aliyeigiza Plutarch alifariki Februari 2014 kabla hawajamaliza. Ile ya mwisho Plutarch anazungumza na Katniss kwa barua, Haymitch anaisoma. Kikaratasi tena!

#35 Mhariri Picha

Mwalimu, hoja yako naichukua. Ila haielezi Percy. Vitabu vya Percy navyo ni nafsi ya kwanza, na kilichoua filamu ile si mawazo yaliyopotea, ni umri wa mwigizaji. Angalieni pia Holes: Louis Sachar aliandika kitabu 1998 na akaandika mwenyewe mswada wa filamu ya 2003, na filamu imefuata kitabu karibu hatua kwa hatua. Kitu kimoja kikubwa kilibadilika: Stanley wa kitabuni ni mnene, na anapungua kwa kuchimba mashimo jangwani. Filamu ikamchukua Shia LaBeouf, mwembamba toka mwanzo. Huwezi kumwambia mtoto anenepe kisha akonde kwa ratiba ya kupiga picha, hasa ukizingatia filamu hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi.

Mguu wa Peeta, miaka ya Percy, unene wa Stanley. Naona mwili wa mwigizaji unaamua mengi kuliko mwandishi na mwongozaji.

#36 Nusu Shilingi

Mwili wa mwigizaji una bima, mkataba na ratiba. Nimalizie sentensi au mnaijua?

#37 Binti Michenzani

Lakini Yasmin wa filamu nae anaonekana mtu mzima kuliko msichana wa miaka 15, na pale sikuona ubaya. Mtoto wa kweli wa umri ule kwenye kisa kile ingekuwa haitizamiki. Kuna umri unasomeka na hautizamiki.

#38 Mla Kurasa

Asanteni wote, nimepata zaidi ya nilichoulizia. Bado nina moja. Ile pini yenye ndege. Kitabuni Katniss anapewa na Madge, binti wa meya, na kitabu cha pili kinaeleza ilikuwa ya shangazi yake Madge, Maysilee, aliyekufa kwenye mashindano ya 50, yale aliyoshinda Haymitch. Filamu ilimfuta Madge, Katniss anaiokota kwa bibi muuzaji kule sokoni Hob. Sasa Sunrise on the Reaping iliyotoka 2025 ni mashindano hayohayo ya 50, Maysilee yumo mpaka ndani, na filamu yake imepangiwa Novemba 2026. Watauunganishaje?

#39 Kiti cha Mbele

Rahisi. Pini inapotea vurugu za Wilaya ya 12, inazunguka, inaishia mezani kwa bibi. Tena inanoga zaidi: imepita mikono mingi hakuna anayejua ni ya nani.

#40 Mwalimu Chaki

Inanoga kwa mtazamaji. Kwa msomaji inauma, kwa sababu kitabuni Madge anajua anachokitoa.

#41 Mbongo wa Minnesota

Binti yangu anaisubiri Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, imepangwa Januari 2027, mwongozaji Gina Prince-Bythewood. Kitabu cha 2018 kina wasimulizi watatu, Zélie, Amari na Inan, wote nafsi ya kwanza, wanapokezana sura kwa sura. Mhariri Picha, hapo kamera inafanyaje?

#42 Mhariri Picha

Inachagua. Mmoja atabaki na kichwa chake, wawili tutawaona kwa nje. Nadhani Zélie anabaki.

#43 Jirani wa Umoja

Mimi naweka zangu kwa Inan kupunguzwa. Kijana wa mfalme mwenye siri mwilini, bila mawazo yake anakuwa adui wa kawaida tu.

#44 Kiti cha Mbele

Au apewe mtafsiri.

#45 Dogo wa Form Six

Wakuu, mwenye Sunrise on the Reaping nakala ya karatasi Dar anitajie inapatikana wapi. Nimezunguka wauza vitabu vya mitumba pale Posta, wana Twilight tu, rundo.

#46 Mama Wawili

Dogo njoo inbox. Sina Sunrise, ila nina Divergent mpya kabisa, haijafunguliwa na haitafunguliwa.